Kuosha Mikanda Minane ya Shangazi

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba ile mashine ya kukagua malori pale mpakani Malaba inakula picha. Za simu haiwezi, alinieleza dereva wa lori la chumvi aliyeniletea habari hiyo nikimtengenezea tairi. Inakula za karatasi na za mkanda wa kamera. Ikiwashwa, miale yake inavuka ukuta, inaingia nyumba hadi nyumba ikilamba nyuso za watu. Ndiyo maana, akasema, kitambulisho cha mtu wa Malaba kikishazeeka huwezi kujua kama ni yeye au ni shemeji yake. Nikatoa changu mfukoni, nikakiangalia. Kweli nilikuwa nimefifia. Jioni hiyo nikaigeuza picha ya harusi yetu ikatazama ukuta, na mgongoni nikaipigilia kipande cha bati. Mke wangu akauliza kama tumeachana.

Msinidharau. Mimi ni mtu niliyesoma. Nilisoma nikiwa na ndevu, shule ya jioni, miaka minne, mikono ikinuka mpira wa tairi, na kwa kemia nilikuwa wa pili darasani. Tulikuwa wanne. Mwalimu wetu wa kemia ndiye alikuja siku moja na tangi dogo jeusi la plastiki, akatuonyesha vile picha za zamani zinavyooshwa: dawa ya kwanza inaitoa picha, ya pili inaikaza isipotee, halafu maji mengi. Akauvuta mkanda ukichuruzika, na ndani yake tulikuwa sisi wenyewe, alivyotupiga wiki iliyotangulia, meno meusi na nywele nyeupe kama wazee wa kanisa. Nilipiga ukelele hadi mlinzi akaja na rungu. Kuanzia hapo nikawa mgonjwa wa kuosha mikanda. Nilijitafutia tangi langu, nikaosha mikanda yangu miwili, mitatu hivi, kisha nikajitangaza Malaba nzima kuwa fundi wa mwisho aliyebaki Afrika Mashariki.

Sifa zikamfikia shangazi yangu, dada ya baba, ambaye kwetu tunamwita senge. Alitoka kwake, nyumba ya mwisho kabla ya ukuta wa forodha, akaja na mkebe wa kakao ameufunga kwa leso. Marehemu mume wake alikuwa mpiga picha wa kutembea. Harusi za Adungosi, ubatizo wa Butula, hata wagonjwa waliopona hospitali ya Nangina waliotaka ushahidi. Wote walipitia kwenye kamera yake. Ndani ya mkebe kulikuwa na mikanda minane aliyoipiga, akaugua kabla hajaiosha.

"Papa," shangazi akasema, yaani baba, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "humu yumo mzee wangu."

"Atakuwamo vipi, senge, na yeye ndiye alikuwa anapiga?"

"Siku moja nilimnyang'anya kamera. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Nikamwambia simama hapo mlangoni, na wewe uone vile watu huteseka. Nikabonyeza mara moja tu."

"Ni mkanda upi?"

"Ningejua, ningekuletea minane?"

Nyumbani kwake hapakuwa na picha ya mzee hata moja. Kwenye mazishi walikuza ile ya kitambulisho, amekunja uso kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Shangazi aliitoa ukutani siku ya tatu. "Huyo siye aliyenioa," alisema, na tangu hapo ukuta umebaki na msumari.

Basi nikaanza kazi. Chumba changu cha kulala, saa sita mchana, dirisha nimeliziba kwa magunia, mimi mwenyewe nimejifunika blanketi mbili na koti la mvua juu yake, nikiuzungusha mkanda kwenye gurudumu la tangi kwa kupapasa. Nilitoka jasho la kutosha kunywesha ng'ombe watatu. Nilikuwa na pakiti mbili za unga wa ile dawa ya kwanza, zilizotoka Kampala. Nikachanganya moja, lita moja kamili, nikaosha mikanda miwili. Nilipomaliza niliipima dawa, nikakuta haijapungua hata kijiko. Nikaona kuimwaga ni dhambi, nikairudisha chupani.

Mikanda hiyo miwili ilitoka safi. Bibi harusi analia, bwana harusi anamwangalia mbuzi, mbuzi anaangalia keki. Niliianika kwenye kamba ya nguo, nikaikagua picha moja moja. Mzee hakuwamo.

Asubuhi shangazi akaja na chupa ya chai. "Ametokea?"

"Bado, senge. Lakini nimepata mbuzi wa mtu."

"Mbuzi anaweza kungoja."

Siku hiyo nikaosha miwili mingine kwa dawa ile ile. Ilitoka imepauka kidogo, lakini nikawatambua watu wote. Mzee hakuwa miongoni mwao. Siku ya tatu nikaosha mingine miwili. Kwaya nzima ilikuwa mvuke. Mahali pengine niliona mlango, au kitu kama mlango, na kama mzee alikuwa amesimama hapo, sikuweza kumtofautisha na ukuta. Mimi ni mtu wa kuchekesha watu hata matangani, lakini nilikaa kitandani na mkanda ule mkononi, maji yakidondoka sakafuni, nikifikiri kwamba pengine shangazi alibonyeza mara moja tu maishani mwake na mimi nimeifuta.

Halafu akili ya shule ya jioni ikawaka. Siku ya kwanza, picha zilipotoka safi, stima ilikuwa imepotea Malaba kutwa nzima. Siku ya pili ilirudi, na mashine ikawaka. Siku ya tatu malori yalijipanga hadi karibu yafike Eldoret, na mashine haikupumzika. Kila kitu kikaeleweka. Shangazi alipokuja na chai yake na swali lake, nilimwambia tu, "Senge, kesho naenda Adungosi."

"Nenda salama," akasema. Hakuuliza zaidi.

Mikanda miwili iliyobaki niliitia pamoja na tangi kwenye kopo la chuma la maziwa, nikafunga kifuniko kwa mpira wa tairi. Chupa ya ile dawa ya kwanza niliiweka kwenye mkoba, pamoja na ya pili na pakiti iliyobaki. Mwenye bodaboda akaligonga kopo kwa kidole.

"Boss, hii ni maziwa?"

"Ni watu."

"Watu wangapi?"

"Kama sabini. Wengine wamevaa suti."

Akawasha pikipiki. "Basi waambie washike vizuri, barabara ni mbaya."

Hakudanganya. Kabla hatujafika, chupa ya dawa ya kwanza ilifunguka, yote ikaishia kwenye suruali yangu. Nilimfikia mwenzangu wa darasani, siku hizi ni mkulima wa mihogo, nikiwa nimelowa kama mtoto mdogo. Nikamweleza kila kitu: mashine, miale, kwaya ya mvuke.

"Na una uhakika miale haifiki hapa kwangu?"

"Nimepiga hesabu."

"Hesabu ulikuwa wa nne."

Hata hivyo alinipa ghala lake la mahindi, lisilo na dirisha, akaziba nyufa za mlango kwa majani ya migomba. Nikafungua pakiti ya pili, nikachanganya dawa mpya kwa maji ya kisima chake, nikaosha mikanda yote miwili. Nilipoitoa ilikuwa myeusi kama mkaa mahali pa kuwa myeusi, na wazi kama kioo mahali pa kuwa wazi. Mwenzangu akauinua mmoja juani, akaenda picha hadi picha, na karibu na mwisho akauleta jichoni.

"Huyu hajui kusimama," akasema.

Alikuwa mzee wa shangazi. Mlangoni, koti la kanisani, kichwa kimekatwa kidogo juu kwa sababu aliyebonyeza alikuwa anacheka, na mikono yote miwili ikielea hewani mbele ya tumbo. Niliipiga picha hiyo kwa simu, simu ikageuza nyeusi kuwa nyeupe, duka moja la Busia likaitoa kwenye karatasi, nami nikaitia kwenye fremu, nikampelekea shangazi nyumbani kwake.

Shangazi aliipokea akiwa amesimama, kisha akakaa. Akafuta kioo kwa pindo la leso, ingawa kilikuwa safi.

"Ona mikono," akasema. "Hakujua pa kuiweka. Imezoea kamera."

Nilimwacha aangalie. Alipomaliza, au alipopumzika kidogo, nikaanza kumsimulia vile nilivyomwokoa mzee kutoka kwenye mdomo wa mashine: stima, malori, kopo la chuma, hesabu. Sikujipunguzia sifa. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, picha ikiwa mapajani.

"Papa," akasema, "hii mikanda imelala chini ya kitanda changu tangu mzee afe. Mashine walipoileta, waliiweka nyuma ya ukuta wangu, nikilala naisikia ikinguruma. Ingekuwa inakula picha, wewe ungepeleka nini Adungosi?"

Niligeuka, nikautazama ule ukuta.

"Dawa uliibadilisha lini?"

"Huko Adungosi. Ile ya zamani ilimwagika njiani."

"Basi ni hiyo. Dawa huchoka. Mzee alikuwa anaosha mikanda miwili, anamwaga, anachanganya nyingine. Mimi ndiye nilikuwa namwaga."