Busta ya Baba Ilipotufuata Raskazone

Enzi zetu, sisi tuliokulia kijijini Moa, karibu na mpaka wa Kenya, televisheni haikuwashwa kwa kubonyeza tu. Ilibembelezwa. Baba alifunga antena juu ya mlingoti wa mkonge, akaweka na busta ya kuongeza nguvu ya mawimbi. Mmoja wetu alizungusha mlingoti, wengine tukipiga kelele dirishani: "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo!" Watangazaji wa Kenya walikuja na chenga tele, kama waliosimama mvuani, nasi tuliridhika, tukila muhogo wa nazi kwenye sinia moja.

Kisha Baba akapata kazi mjini, tukahamia Raskazone. Busta yake haikuachwa nyuma. Haukupita muda, kaswida ya madrasa ya dada yangu Zuhura ikarekodiwa, irushwe Ijumaa alasiri na kituo cha hapo hapo mjini. Bibi, mama yake Baba, ambaye macho yake yalikwisha kuanza kufifia, alisafiri kutoka Moa makusudi amwone mjukuu wake.

Baba akawasha. Picha ikapinda, ikajisokota kama kanga inayokamuliwa, ikawa nyeusi. Sauti ikanguruma tu. Akapandisha antena juu zaidi, ikazidi kuharibika. Bibi alikikodolea kioo. Zuhura akaanza kulia.

"Baba Zuhura," Mama akasema, "hebu chomoa hiyo busta."

"Nichomoe? Kule Moa bila busta tuliona nini?"

"Kule tulikuwa mbali. Hapa mnara wa kituo si ule, tunauona kutoka uani?"

Baba akasita, akachomoa. Picha ikatulia, safi, haina chenga hata moja. Kaswida ilikuwa imefika ubeti wa mwisho. Bibi akasogea mpaka kwenye kioo, akaweka kiganja juu ya uso wa Zuhura mle kiooni.

"Ndiye. Nimemwona."

Baadaye Baba alitueleza kama aliyegundua mwenyewe, Mama akicheka pembeni: ndani ya televisheni kuna sehemu inayoinua mawimbi dhaifu na kuyapunguza yakija kwa nguvu, ila ina kikomo chake. Ukiongeza busta ilhali mnara uko jirani, inazidiwa.

Siku hizi wanangu hawajui chenga. Kila mmoja ana simu yake, na intaneti ikikwama kidogo tu wananiambia maisha yamekuwa magumu. Video za watoto wa ndugu zetu zinamiminika kwenye kundi la familia. Tunaweka kidole gumba, tunapita. Sisi tuliuona ubeti mmoja, nyumba nzima, na mpaka anafariki Bibi alikuwa bado akiwasimulia majirani zake wa Moa.