Sekunde Kumi Hadi Kwenye Kona

Harufu ya raba ikiungua, hata iwe ya kandambili iliyotupwa motoni, hunirudisha kwenye mteremko wa kutokea kwetu Newala. Usicheke, msomaji wangu.

Ilikuwa miaka ile wafanyabiashara binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua korosho. Mmoja aliweka mizani yake kule bondeni, na kina baba wa kijijini kwetu wakawa wanateremka na magunia kwenye keria za baiskeli. Breki zenyewe zilikuwa jina tu. Kwa hiyo kila mtu, kabla ya kuteremka, alikata tawi bichi lenye majani, akalifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli liburuzike na kumzuia.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, na kichwa kimenivimba. Mwalimu alikuwa ametufundisha mwendokasi: gawanya umbali kwa muda, basi. Asubuhi ile nikamwambia baba, mbele ya wanaume waliosubiri zamu, kwamba tawi linamchelewesha bure. Nikamwomba ajaribu kidogo bila tawi. Akapanda, akaiachia baiskeli iteremke, nami nikaikodolea macho saa niliyoazima kwa mjomba. Baada ya sekunde mbili akaisimamisha kwa miguu. Nikapima: mita mbili. Mita moja kila sekunde, mwendo wa kuku anayedonoa! Mpaka kwenye kona ni mita hamsini, nikatangaza, kwa hiyo atatumia sekunde hamsini, na kona ataikata akipiga mluzi. Wale wanaume wakaguna. Mmoja akamuuliza baba kama siku hizi anaendeshwa na mtoto. Baba alinitazama, akarudi juu, akaliweka tawi kando.

Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Kwenye tano nilidhani saa imeharibika. Kwenye saba raba za breki zilikuwa zinanuka, na baba ameshusha miguu yote miwili, kandambili zinaruka. Nilipotamka kumi alikuwa kwenye kona, naye hakuikata. Jamani, sijawahi kushtuka vile. Mdomo uliendelea kuhesabu wenyewe, kumi na moja, kumi na mbili, na mimi nimeganda.

Tulimkuta kichakani, mguu umevunjika chini ya goti, korosho zimemmwagikia. Aliponiona aliuliza, "Umefika ngapi?"

"Kumi ulipofika kwenye kona, baba."

"Basi mwalimu wako hajamaliza kufundisha," akasema, akafumba macho.

Kweli hakuwa amemaliza. Wiki mbili baadaye aliandika ubaoni neno mchapuko. Nikakokotoa pembeni mwa daftari: kutoka kusimama, mita mbili katika sekunde mbili, maana yake kila sekunde iliongeza kasi kwa mita moja kwa sekunde. Mita hamsini, sekunde kumi. Kasi kwenye kona, mita kumi kwa sekunde, si moja. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, nami nikalifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Baba alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Miaka yote nilijua kosa lake lilikuwa kuniamini. Tulipomaliza matanga yake, mama akaniita jikoni.

"Baba yako aliijua ile kona kabla hujazaliwa," aliniambia. "Alijua umekosea. Ila alisema akikukatalia mbele ya wale wanaume, hutanyoosha tena mkono darasani. Alidhani miguu yake itatosha."

Siku hiyo nilikuwa nimeshafundisha fizikia miaka saba.