Siku Guka Aliposimama Mbele ya Darasa

Jana, kwa fundi wa viatu pale Thika, harufu ya rangi nyeusi ilinirudisha darasa la tano. Mwalimu alikuwa amemwalika guka, baba wa mama yangu, atusimulie vita vya Burma alivyopigana akiwa askari wa Mwingereza. Alikuja viatu viking'aa, darasa likajaa harufu hiyo.

"Waambie watoto vile mashujaa wetu walimfukuza adui," mwalimu akamwomba.

Guka akakohoa. "Asubuhi moja kulikuwa na ukungu. Mkubwa wetu akasema walio ng'ambo ya mto ni adui, tukapiga risasi mpaka jua likatoka. Kumbe ni wenzetu. Mmoja wa waliokufa nilikuwa nimekula naye jana yake. Tulipewa medali, tukaambiwa tunyamaze."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Mimi niliona haya, nikajua nitachekwa. Lakini msichana wa dawati la mbele akauliza, "Guka, huyo uliyekula naye aliitwa nani?"

Akalitaja jina lake polepole. Nasi, bila kuambiwa, tukalirudia sote kwa sauti.

Tulirudi nyumbani Kalimoni kwa miguu, guka amenishika mkono. Yeye ambaye kwa kawaida hakumaliza hata sahani moja, jioni hiyo alikula mbili za githeri, mahindi na maharagwe, na cucu, mkewe, akabaki kumtazama tu, akitabasamu.