Kitanda Kilichoziba Mlango wa Wodi ya Wazee

Kuna watu mjini hapa wakiniona wananiita Bwana Vitanda, na mie naitika, maana nikikataa nitaulizwa kisa chenyewe, na kukieleza mbele ya watu ni kuaibika mara ya pili. Ila nyie ni watu wangu, na nimechoka kukaa nacho peke yangu, basi leo nakitoa chote. Pa kucheka mcheke, wala sitaudhika (pa kuchekesha pako mwanzoni mwanzoni, mkifika katikati mtanyamaza wenyewe).

Mie ni afisa ununuzi kwenye hospitali ya askari wastaafu, ile ya majengo ya kale yenye kuta nene. Serikali ikitoa fungu la vitanda, viti vya magurudumu, mashine za kupumulia, mie ndiye ninayeandika tunataka kitu cha namna gani, nikatangaza zabuni, nikahakikisha mzigo umefika. Wodi yetu ya wazee ilikuwa na vitanda vya chuma vilivyokwisha kabisa, vya kuzungusha kwa mkono, na hiyo mikono yenyewe ilishakatika zamani, ukitaka kumwinua mgonjwa unamwekea mito na kuomba Mungu. Kwa hiyo tulipopata fungu la vitanda vya umeme, vile unabonyeza mgonjwa anainuka mwenyewe, pamoja na magodoro ya upepo yanayojijaza na kujipunguza ili mtu asiyeweza kujigeuza asichubuke, wallahi nilitembea kifua mbele kama nimevitengeneza mwenyewe.

Aliyekuwa akivisubiri kuliko wote ni Mzee Mbaruku. Huyu alirudi kutoka vita vya Kagera na kipande cha chuma mgongoni, akaishi nacho miaka na miaka, akaoa, akazaa, mpaka miguu ikamkatalia uzeeni. Kulala sana kukamletea kidonda chini ya kiuno, kidonda kibaya, na mkewe Bi Mwanakombo pamoja na manesi walikihangaikia kwa kumgeuza usiku na mchana, huku ubavu, huku ubavu, hadi kikaanza kufunga. Sasa binti yao wa mwisho, Saumu, alikuwa amechumbiwa na siku ya ndoa imeshatajwa, na mzee alikuwa na haja moja tu duniani: apelekwe msikitini kule Ngamiani juu ya kiti, amshike mkono mkwewe, amwozeshe mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe. Daktari Mfawidhi alimwambia wazi, kidonda kikifunga utakaa, kikifunguka hukai.

Kila nikipita wodini namwamkia, "Shikamoo mzee," ananiitikia, "Marahaba, mwanangu. Vitanda?" Nami namwambia viko njiani, na vikifika kidonda hicho kitasahaulika, utamwozesha Saumu na utabaki kumwozesha mjukuu. Ahadi hiyo niliitoa mie kwa ulimi wangu, hakuna aliyenituma.

Sasa nisikilizeni ujinga ulipoingilia. Ile karatasi ya kueleza vitanda tunavyotaka sikuitunga, niliinakili kutoka hospitali moja kubwa ya bara, mpya, yenye milango ya kupita gari, kwa sababu ndivyo tunavyofanya sote, mwenzio kashaumiza kichwa, wewe uumize chako cha nini? Kamati yetu ikaenda Dar es Salaam kuangalia kitanda cha mfano ukumbini kwa msambazaji. Tukabonyeza, kikapanda, kikashuka, mmoja wetu akalala juu yake akafumba macho, tukala biriani, tukarudi. Mlango wa wodi hakuna aliyeufikiria, na sababu yake mtaicheka lakini ni ya kweli: kamati nzima ni watu wa pwani, na sisi kitanda tunakijua kinaingia chumbani vipande vipande. Nilipooa, fundi alikuja na mbao zake begani akakiunga kitanda mle mle ndani, na nilipohama akaja akakifungua tena. Nani Ngamiani aliyewahi kupima mlango kwa ajili ya kitanda? Tulichukulia na hivi vitafunguliwa, viingizwe, viungwe, basi.

Mzigo ukafika na siku ya makabidhiano ikapangwa, aje mgeni rasmi kutoka wizarani. Lori lilisimama getini limefunikwa turubai, na msambazaji alishasema nailoni zisitolewe na kitanda kisishushwe mpaka mgeni awepo, apigwe picha navyo vikiingia wodini. Nikaona sawa.

Asubuhi ile ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikasema vitanda vya zamani vitolewe mapema, pamoja na magodoro yake yenye madoa, wodi ipigwe deki, mgeni akute pasafi. Daktari Mfawidhi akaniuliza, "Salimu, una hakika? Hawa wazee watalala wapi?" Nikamwambia, "Daktari, ni nusu saa tu, watakaa kwenye mikeka." Gari la kwenda ghala letu la Pongwe lilikuwa tayari, likapakia, likaondoka. Ndugu za wagonjwa tukawaomba watoke wakakae chini ya mahema, na manesi wakapangwa getini na nguo zao nyeupe kumpokea mgeni. Wodini wakabaki wazee peke yao, juu ya mikeka, juu ya sakafu ya saruji, wamevaa nguo safi na nishani vifuani.

Mgeni alitakiwa saa tatu. Saa tatu alikuwa hata Korogwe hajafika. Kila nikipiga simu naambiwa wanaingia, wanaingia, kumbe wamekaa Muheza wanakunywa chai kwa mkubwa mwenzao. Bi Mwanakombo akanifuata. Ni mama mtulivu, haongei kwa sauti.

"Mwanangu, wakati wake wa kugeuzwa umepita."

"Mama, subiri kidogo, wageni ndio hao wanaingia, wasije wakakuta pamevurugika."

Akarudi hemani. Baadaye akaja tena, nikamjibu vile vile. Nikachungulia mwenyewe dirishani, nikamwona Mzee Mbaruku amelala chali, amenyooka, mikono ubavuni, nikamuuliza, "Mzee, unaweza kuvumilia kidogo?" Akanijibu bila kugeuza shingo, "Mkubwa anakuja, simlalii ubavu. Nimezoea kusubiri." Basi nikaridhika. Nilisikia nilichotaka kusikia nikaenda kunyoosha tai (tai yenyewe niliazima kwa shemeji yangu, nyekundu, imenikaba shingo siku nzima).

Adhuhuri ilishapita msafara ulipoingia. Matarumbeta yakapigwa, utepe ukakatwa pale barazani, kitanda cha kwanza kikashushwa na nailoni yake inang'aa, mpiga picha akarudi nyuma kinyumenyume, na wahudumu wakakisukuma kuelekea mlango wa wodi. Kikafika mlangoni kikagonga. Wakakigeuza, kikagonga. Nikacheka kidogo kwa kujiamini, nikamwambia mgeni rasmi, "Mheshimiwa, kidogo tu, tunakifungua," nikapaza sauti waletewe spana.

Dereva wa msambazaji akanisogelea sikioni. "Bosi, hiki hakifunguliwi. Kimechomelewa chote."

"Kimechomelewa vipi?"

"Chote. Ndivyo mlivyoagiza."

Hapo mtu mwenye akili angesimama, angeomba radhi, angekirudisha kile kitanda barazani na mambo yangeishia kwenye kicheko. Mie, kwa kuwa watu wananitazama na simu ziko juu, nikasema, "Kilazeni upande, sukumeni, kitaingia tu," nikavua koti nikaweka bega mwenyewe. Tukasukuma. Kikaingia nusu, fremu ya mlango ikapasuka, vyuma vya ubavuni vikanasa ukutani, na kitanda kikabaki pale, hakiendi ndani hakirudi nje. Tukavuta, wapi. Matarumbeta hayakuwa yameambiwa yanyamaze, kwa hiyo yakaendelea kupiga wimbo wa kumpeleka bibi harusi, na watu hemani wakaanza kucheka, tena kicheko cha Tanga mnakijua, mmoja akipokea anampa mwenzie.

Mgeni rasmi hakucheka. Akauliza, "Afisa ununuzi ni nani hapa?" Nikasema ni mie. Akanitazama kuanzia tai hadi viatu, akaenda zake kwenye dirisha, akachungulia katikati ya nondo. Na mie nikachungulia nyuma yake. Wazee walipomwona mkubwa dirishani wakajaribu kumpigia saluti pale pale chini, wengine wakijiinua kwa kiwiko, na Mzee Mbaruku amelala vile vile chali, mkono kwenye paji la uso.

"Hawa wamelala chini tangu lini?"

"Muda mfupi tu, mheshimiwa."

"Tangu asubuhi." Ilikuwa sauti ya Bi Mwanakombo, nyuma yetu. Hakunitazama. Alikunja buibui lake akalifunga kiunoni, akaenda mlangoni, akapiga magoti. Pale ndipo nikaelewa anataka kufanya nini, nikamkimbilia.

"Mama, usipite huko, utachafuka."

"Mume wangu hajageuzwa. Niache nipite."

Mama mtu mzima, mbele ya mgeni rasmi, mbele ya vijana wa rika la wanawe, akatambaa kwa magoti na viganja chini ya kile kitanda cha serikali ili aingie kwa mumewe. Matarumbeta yakanyamaza. Daktari Mfawidhi akatambaa nyuma yake na koti lake jeupe, na nesi mmoja akafuata na trei ya dawa, na mie nikarudi dirishani, spana mkononi. Walipomgeuza mzee niliiona shuka. Ilikuwa na damu na maji maji ya njano, imegandia mwilini, na Bi Mwanakombo aliibandua taratibu sana, kipande kwa kipande. Nikatoka dirishani.

Mlango ulibomolewa jioni ile na fundi mwashi, lakini vitanda vipya vikangoja kesho yake kifusi kiondolewe. Godoro la upepo likatandikwa sakafuni, mzee akalazwa. Vitanda vya zamani havikurudi siku ile kwa sababu mtunza ghala wa Pongwe alikuwa kwenye msiba Pangani na ufunguo mfukoni. Na picha zangu zilishasambaa kwenye simu za watu, nimeegemeza bega kitandani, tai nyekundu imeruka mgongoni. Mke wangu alioneshwa na jirani. Ofisini niliandikiwa barua, nikaijibu, na bado nangoja hatima yangu, lakini hayo si kitu, hayo ni haki yangu.

Kidonda kilifunguka chote, kikaenda ndani kuliko mwanzo. Daktari Mfawidhi akasema mzee asikae kabisa, asilale chali, alale kifudifudi, na ndoa ilikuwa inakaribia. Upande wa bwana harusi wakajitolea kusogeza siku mbele, Saumu naye akalia akasema atangoja, lakini mzee akakataa, akasema mwanawe hatawekwa nyumbani kwa sababu ya mgongo wa baba yake.

Siku moja kabla ya ndoa Bi Mwanakombo akaniita wodini. Nikaenda nimejitayarisha kwa matusi (na laiti yangekuwa matusi). Nikamkuta imamu, na ndugu wa Mzee Mbaruku, Mzee Hamadi, amekuja kutoka Ushongo, na shahidi mmoja. Mzee Mbaruku alikuwa anampa nduguye wakala wa kumwozesha Saumu, shahidi wa pili amechelewa, na imamu ana haraka ya kurudi msikitini. Nikasema mie sifai, atafutwe mwingine. Nilisema hivyo kwa sauti ndogo, lakini mzee alinisikia. Alikuwa kifudifudi juu ya kitanda kipya cha umeme, uso kwenye mto, ameelekea ukutani.

"Siku ile ulikuwepo," akasema. "Na leo uwepo."

Nikakaa. Nikaapa moyoni, na leo naapa mbele yenu, sitamwondoa tena mtu mahali alipolala kwa sababu ya mgeni, awe mgeni gani, na sitamwambia tena mke wa mtu asubiri kidogo. Imamu akamwambia aanze, mzee akasema maneno yake ndani ya mto, hayakusikika vizuri.

"Rudia, mzee wangu," imamu akamwambia, "mashahidi wasikie."

Akajiinua kwa mikono miwili, shingo ikakaza, jasho likamtoka, akageuza uso upande wetu. "Ndugu yangu Hamadi, nimekupa wakala, umwozeshe binti yangu Saumu badala yangu." Bi Mwanakombo alikuwa amemshika bega ili asianguke. Imamu akanigeukia akaniuliza kama nimesikia, nikasema nimesikia.