Siku Niliyolala Kitanda cha Mgonjwa

Nikilikumbuka hili uso bado unaniwaka, lakini heri mlisikie kwangu kuliko kwa shemeji yangu, maana yeye hutia chumvi (ingawa, kwa haki, mkasa wenyewe hauhitaji chumvi nyingi).

Tulikuwa tunaanika mpunga nyumbani Mlabani, mimi, mke wangu Mama Tito na mdogo wake, ndiye huyo shemeji. Tangu asubuhi Mama Tito analalamika kachoka, taya linamvuta, mgongo unauma, kichefuchefu. Nikamwambia ni jua tu, kaa kivulini, nami nikaingia jikoni nikamaliza sufuria ya maharage ya jana, nikashushia togwa, na haukupita muda kifua kikanibana nikapiga yowe, "Moyo! Nakufa!" kwa sababu nilijua (sijui aliniambia nani) kwamba moyo ni ugonjwa wa wanaume, wanawake wao wana presha ya maneno.

Wakanipakia kwenye bajaji. Hospitali, kitanda cha mapokezi kilikuwa kimoja, nikakiwahi, nikaanza kutoa wosia mbele ya mabenchi yaliyojaa watu.

"Mama Tito, nipepee!"

Akanipepea kwa ncha ya khanga, jasho likimtiririka kuliko mimi. Nesi akaja, akanibonyeza tumbo, na hapo ikatoka gesi ambayo sitaieleza zaidi. Maumivu yakaisha papo hapo.

"Baba, umekula nini leo?"

"Maharage," nikajibu, na mabenchi yote yakaangua kicheko.

Mama Tito hakucheka. Alikuwa ameegemea ukuta, midomo imepauka. Nesi akamtazama, kicheko kikamkauka.

"Mama, hilo taya unalolishika linauma tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Na mgongo. Lakini mtazameni baba kwanza."

"Shemeji," mdogo wake akaniambia, "shuka kitandani, mgonjwa amefika."

Nikashuka pekupeku. Wakampima kwa mashine, kweli ni moyo, mshipa ulikuwa umeziba, wakamkimbiza ndani. Baadaye daktari alinieleza bila kunitukana (angenitukana ningemwelewa) kwamba wanawake wengi nao hubanwa kifua, ila wao zaidi yetu huumwa pia taya na mgongo, hupata kichefuchefu na uchovu, basi watu hudhani ni jambo dogo. "Ni bahati," akasema, "kwamba alikuja kukusindikiza."

Kwa hiyo, kwa haki, maharage yangu yalimwokoa? Shemeji amenikataza kulisema hilo, nami naona ana haki.

Mama Tito yupo, anameza dawa zake. Nimeapa kwamba akisema kitu kinamuuma, nitanyamaza mpaka amalize, kisha nitafute bajaji. Kutafuta bajaji nimeshaweza.