Ndambuki amchagulia bintiye risasi za nyati

Asubuhi hii katikati ya jiji la Nairobi, Josphat Ndambuki anabingirisha risasi juu ya kioo cha kaunta. Anaisukuma kwa kidole kimoja, taratibu, kisha anainama na kuitazama inavyozunguka. Ikiyumba, hata kidogo, anaiweka kando, kwani iliyopinda inaweza kukwama bundukini. Ikizunguka sawasawa, anaipangusa kwa kitambaa na kuirudisha kwenye boksi.

Mteja, bwana mmoja mwenye shamba kubwa na haraka nyingi, anatazama saa yake.

"Mzee, si zote zimetoka kiwandani? Nipe tu boksi niende."

"Utaenda," Ndambuki anamjibu bila kuinua macho. "Lakini niambie kwanza, huko Tanzania unaenda kupiga nini?"

"Nyati."

"Na bunduki gani?"

"Three-seven-five."

"Basi ngoja kidogo. Huyo nyati hatakungojea."

Duka liko ghorofani, nyuma ya milango miwili ya chuma. Kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, wanunuzi wa risasi kubwa si wengi. Kuna wenye leseni wanaovuka mpaka kuwinda kwingine, na kuna walinzi wanaowasindikiza watalii wanaotembea porini kwa miguu. Ndambuki, mwenye umri wa miaka 58, amewahudumia wote tangu akiwa kijana.

Mshahara wake wa shilingi 38,000 kwa mwezi ndio uliowalea watoto watatu katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Satellite. "Risasi moja ya nyati inakaribia bei ya kuku mzima," anasema na kucheka. "Nauza kuku kila siku na supu sijaonja."

Akiulizwa kuhusu kazi yake, kicheko kinakwisha na anavuta maboksi mawili.

"Hii ni laini, hii ni ngumu. Laini ikiingia mwilini inafunguka, inakuwa kama uyoga. Mnyama akiwa amekupa ubavu, hiyo inammaliza haraka, hateseki. Ngumu haifunguki. Inapita mfupa, inaenda tu. Shida ni kwamba inaweza kutokea upande wa pili ikaumiza mwingine kwa kundi."

Kwa hiyo sheria yake kwa nyati ni moja: ya kwanza laini, zinazofuata ngumu.

Sheria hiyo aliipata kwa baba yake, marehemu Kitheka, ambaye kabla ya marufuku aliwabebea bunduki wawindaji wa kigeni. Siku moja mgeni alijaza bunduki risasi laini tupu. Nyati aliyejeruhiwa akawageukia, na risasi iliyokusudiwa kumsimamisha ikafungukia kwenye pembe. Mgeni alipanda mti. Kitheka hakuwahi, na alichechemea hadi alipozikwa.

"Sisi watoto tulijua laini na ngumu kabla ya kujua kusoma," anasema Ndambuki.

Ndiyo maana bintiye, Annah, alipomwambia mapema mwaka huu kwamba anaacha kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Lavington ili akawe kiongozi wa matembezi porini Laikipia, mzee hakumsemesha kwa wiki mbili. Annah, mwenye miaka 27, alikuwa amekwisha kufunzwa na kufaulu mtihani wa kulenga shabaha, yote kimyakimya.

"Watu walidhani nimekasirika, na mimi nikawaacha wadhani hivyo. Ukweli niliogopa. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda."

Kisha kambi iliyomwajiri ikamtuma Annah mjini kununua risasi, na dukani akamkuta baba yake kwenye kaunta.

"Alikuja na karatasi zake kama customer yeyote," anasimulia Waringa, anayefanya kazi na Ndambuki. "Mzee akazisoma zote, mstari kwa mstari, na huyo ni mtoto wake! Nikamuuliza, Mzee, kwani hata jina lake hulijui?"

Ndambuki hakucheka. Akauliza swali lile lile analowauliza wote.

"Unaenda kupiga nini?"

"Sitaki kupiga kitu, Baba. Lakini kuna nyati wengi."

Akaweka maboksi mawili kwenye kioo. Annah akalirudisha lile la laini.

"Nipe ngumu pekee."

"Ya kwanza ni laini, mami. Babu yako alilemaa ndiyo wewe ujue hivyo."

"Najua, Baba. Lakini hiyo ya kwanza ni ya mtu anayewinda. Yeye ndiye anaanza, anamkuta nyati amesimama ubavu. Mimi nikimwona amesimama hivyo, nawarudisha wageni nyuma, tunamwachia njia. Nikipiga, ni kwa sababu anatujia, na atakuwa ananiangalia usoni. Hiyo ya kwanza ikifunguka kwa pembe, sitapata nafasi ya pili."

Waringa anasema mzee alilivuta boksi la ngumu upande wake wa kaunta, akalifunika kwa mkono.

"Nilikuwa nataka kumwambia ngumu zimeisha," Ndambuki anakiri. "Ningesema hivyo, arudi nyumbani. Lakini alikuwa amesema kweli. Mimi kichwani nilikuwa nimemwona akifuata nyati. Kumbe anaenda kusimama katikati, nyati huku, watu kule. Nikamwonea fahari, na uchungu pia, vyote pamoja."

Akarudisha zile laini kwenye rafu. Akafungua boksi la ngumu, kisha la pili na la tatu, akabingirisha risasi moja baada ya nyingine kwenye kioo, akimchagulia bintiye zile zisizoyumba hata chembe. Waringa akawahudumia wateja wengine. Mwenye duka alipita, akaona, akaendelea na safari yake.

"Kila moja ipitishe kwa bunduki kwanza, ukiwa kwenye uwanja wa shabaha," alimwagiza. "Ikikwama, usiende nayo."

"Sawa, Baba."

Kwa simu kutoka Laikipia, Annah anasema tangu aanze kazi hajalazimika kumpiga mnyama yeyote. Wiki iliyopita nyati wawili walijitokeza karibu na mto. Aliwasimamisha wageni, akawarudisha nyuma hatua kwa hatua, na nyati wakaenda zao.

"Nilimpigia Baba jioni nikamwambia. Nikasikia kelele, nikadhani ni mtandao. Kumbe analia."

Ndambuki hakatai. Ameomba likizo ya Desemba ili akatembee katika kundi linaloongozwa na bintiye, yeye nyuma, mikono mitupu. Mama Annah atabaki kambini, kwani ameshasema yeye na nyati hawana stori.

Bwana mwenye haraka sasa anashika boksi lake na kuahidi kurudi. Ndambuki anamuaga kwa mikono miwili.

"Mteja akirudi nafurahi, hiyo ndiyo kazi," anasema mlango wa chuma ukijifunga. "Ila Annah namwombea kila siku, asirudi hapa kununua zingine."