Mwaka Banjiwa Balihama

Ukiniuliza ilikuwa mwaka gani, sitakupatia namba. Nitakuambia kile tulikuwa tunakula. Ilikuwa ule mwaka nyama ya posho ilikatika, kampani ikatuletea samaki ya kukauka mu mifuko, ngumu sawa kisigino, na unga ya muhogo pa fasi ya unga ya mahindi. Bukari, ugali yetu, ilitoka nyeusi, ikishuka mu tumbo inalala kule sawa jiwe. Bazungu balikuwa na vita yao kwao, na siye mu kambi ya bantu ya kazi ya Élisabethville njo tulikula samaki ya ile vita.

Ninaanza na chakula juu mambo yote ilianzia pale. Muntu mwenye hakukula nyama myezi tatu, akiona njiwa inapita, haoni njiwa. Anaona sufuria.

Na siye tulikuwa na banjiwa, kumi na moya, mu sanduku ya sabuni yenye bwana yangu aligongomea juu ya muti murefu mbele ya nyumba, sababu ya kuogopa bapusi. Haikuwa ya kula. Kwa bwana yangu, kule kaskazini kwenye reli ilimutoa, banjiwa ya nyumba ni sawa bashahidi. Banakaa fasi yenye bwana na bibi banasikilizana. Kama mu nyumba munaingia matusi, ao bibi anafungulia muntu mwingine mulango wakati bwana iko ku kazi, banjiwa banahama. Hakuna mwenye anabafukuza. Banajua, banaenda. Miye nilitoka upande ya Lukafu, na kwetu njiwa ni nyama yenye mabawa, basi. Lakini nilikuwa nimeolewa. Nilimeza ile desturi pamoya na ile ingine yote.

Bwana yangu alikuwa fundi ya mbao. Ule mwaka kapita yake, musimamizi ya kazi, alimutoa ku atelie, fasi ya kuranda mbao, akamutuma mu kanisa ya kambi, juu banjiwa balikuwa banalala chini ya dari na kukunya fasi yote: ku mabenchi, mu maji ya baraka, na siku moya ya Mungu, katikati ya mahubiri, ku bega ya padri. Alipanguza na kidole, akaendelea kutuambia moto ya milele, na kila muntu mule ndani alijua ni ile njiwa njo ataitangulia.

Kapita alimuambia bwana yangu: "Bwana mukubwa ya kampani atakuya kusali hapa Pasaka. Nataka kanisa safi. Na nikivumbua ni banjiwa ya muntu ya kambi njo banachafua, ule muntu atatoka mu kazi na mu nyumba siku moya."

Mu kambi, kazi na nyumba ilikuwa kintu kimoya. Ukipoteza kazi asubuhi, magaribi unalala inje na batoto.

Basi akafanya kazi. Matundu ya chini ya bati aliziba na waya ya kuku. Fasi ya banjiwa kusimama alipiga misumari, ncha ikiangalia juu. Alifunga bifuniko bya mikebe ku kamba, upepo ukipita bikalia sawa batoto banapiga masahani. Banjiwa baliogopa siku mbili, siku ya tatu bakajenga pembeni ya bifuniko. Njo akaleta gudro, ile nyeusi ya barabara. Anaichemusha mu ndoo, anapakaa ku miti ya dari na burosi yenye muti murefu, muntu na nusu. Njiwa akikanyaga anasikia miguu inashikwa, anachukia ile fasi, anaenda.

Kila magaribi alirudia nyumbani nyeusi mpaka ku kiwiko, burosi ku bega, na mashtaka ileile. "Jana nilihesabu ishirini. Leo nilikuta ishirini na tatu. Ninafunga, na beye banaongezeka. Kuko muntu anabaleta, juu ya kuniharibia kazi."

"Nani?"

"Katekista. Ananiangaliaka vibaya."

"Katekista anaangaliaka bote vibaya. Jicho moya ni mugonjwa."

Niliona anamuwekea ule katekista alama mu roho.

Ile juma miye pia nilianza kuhesabu. Mu sanduku yetu, kumi na moya ilikuwa mbele, kumi na moya nasema, kisha munane, kisha tano. Nikawaza ya kwanza kabisa: jirani. Mama wa nyumba ya kuume alikuwa na batoto saba na pua refu. Nilichana uzi mwekundu ku kikwembe yangu, bwana akanifungia ku muguu ya ile dume kubwa, ya kijivu, wakati ilishuka kula. Kisha nikaenda kumusalimia mama.

"Odi, mama. Unapika nini?"

"Maharagi."

"Inanukia muzuri kushinda maharagi."

"Njo sababu unaleta pua? Fungua sufuria, angalia."

Nilifungua. Ilikuwa maharagi. Lakini nilichukua mwiko, nikapeleka mpaka chini, juu mufupa inalalaka chini.

"Unatafuta mutoto mwenye alizama?" akaniuliza. "Ama kwenu Lukafu maharagi iko na miguu?"

Nilirudia kwangu na haya kidogo. Haya yote hapana. Siku tatu zenye zilifuata niliendelea kuangalia takataka yake, kama kuko manyoya. Na yeye, niliona, alianza kuangalia mulango yangu.

Kisha siku moya sanduku ilikuwa tupu kabisa. Hata ile ya uzi mwekundu, hapana. Bwana yangu alirudia, akasimama chini ya muti, kichwa juu, wakati murefu. Halafu akashusha macho, akaniangalia miye. Nilimujua ule mwanaume tangu miaka ine, na ile macho sikuwa nimeiona hata siku moya.

Tangu pale akaanza kurudia nyumbani saa sita ya muchana bila kusema. Anaingia, anagusa kiti kama iko na moto. Ananusa kikombe.

"Nani alikaa hapa?"

"Weye. Jana."

"Na hii maji, nani alikunywa nusu?"

"Mutoto yako. Muulize, anajua maneno mbili."

Hakucheka. Alikuwa muntu ya kucheka, mbele.

Halafu dada yake mukubwa akashuka ku treni, kutoka kaskazini, na kikapu, na kuku nyeupe yenye miguu ya kufungwa. Ile kuku njo iliniambia yote. Muntu haletake kuku nyeupe ya kusafishia nyumba kama hajasikia kwamba nyumba ni chafu. Kumbe bwana aliandikisha barua. Mbele ya kuniuliza miye, alikuwa amekwisha kujibu.

Dada alikaa, akachukua mutoto yangu mwanamuke ku magoti yake, akaongea bila kelele. Nilimuheshimu sana, nilimuita mama, juu alimulea bwana yangu mu mugongo.

"Bibi ya ndugu yangu, banjiwa habaongopake. Sema jina ya ule muntu. Nitachinja kuku, utaruka damu, banjiwa batarudia, tutakula, itakwisha. Ni kintu kidogo. Bangapi balisema, na leo banakaa na bwana zao."

"Na kama hakuna jina, mama?"

"Basi siku ya posho kuko kamyo inaenda Lukafu. Utarudia kwa baba yako. Mutoto ni ya kwetu, atabaki."

Aliendelea kumuchezesha mutoto vidole. Mutoto alikuwa anacheka.

Nitakuambia ukweli: nilitafuta jina. Ile usiku nilipitisha mu kichwa wanaume yote ya kambi, nimupate moya mwenye amekufa, nimutaye, iishe. Asubuhi nilisikia haya kushinda ile ya sufuria. Nilipiga magoti mbele ya dada ya bwana yangu, sawa tunavyosalimiaka bakubwa, nikasema:

"Sikufanya, sitasema nilifanya."

Alifunga kikapu yake, akanihesabia siku. Zilibaki tatu.

Siku ya Mungu ilikuwa katikati. Tulienda misa. Miye nilikaa nyuma na macho yangu ku dari, juu sikuwa na maneno ya kumuambia Mungu ile siku. Na pale, ku muti wa dari, karibu na waya mupya ya bwana yangu, njiwa dume ya kijivu alikuwa anajikuna. Ku muguu, uzi mwekundu. Ku tumbo, gudro.

Sikusali tena. Niliwaza. Gudro ya tumbo, alipata mu kanisa? Mu kanisa bwana alipakaa juu ya miti. Pale njiwa ingechafuka miguu tu. Tumbo inachafuka fasi njiwa anajisukuma kuingia. Fasi kuko mulango kidogo.

Tulipofika nyumbani, nilichukua kinu, nikaipindua, nikaisimamisha chini ya muti ya sanduku. Ngazi ya bwana ilikuwa kanisani tangu juma tatu, kwa hiyo hakuna mwenye alikuwa amepanda kule juu. Dada ya bwana alisimama.

"Bibi hapandake ku kinu. Unatufukuzia chakula."

"Chakula gani, mama? Samaki ya kisigino?"

Nikapanda. Nikaweka mukono ku mulango ya sanduku, ukanata. Chini ya mulango, pembeni, juu: gudro, nene sawa kidole, na manyoya yamesimama ndani. Manyoya ya kijivu, ya nyeupe. Nilitoa kipande, nikashuka, nikakiweka mu mukono ya bwana yangu.

"Nusa. Weye unajua kunusa siku hizi."

Alinusa. Niliona ukweli inamuingia. Mu kambi, chef ya kambi alikuwa anapita kuangalia bibambazi, kuta ya nyumba, kama bingali bieupe, na mwenye alichafua alilipishwa. Basi yeye, magaribi, mbele ya kuingia, alinyoosha ile burosi ya muti murefu, akaipanguzia kule juu ku ile sanduku ya zamani ya banjiwa, bila kuwaza, sawa muntu anapanguza viatu. Siku yote alifukuza banjiwa mu kanisa, magaribi akafukuza yake, na yake bakaenda kulala kanisani. Bale batatu yenye baliongezeka balikuwa banjiwa ya nyumba yake.

"Katekista hana kosa," nikamuambia.

Tuliingia mu nyumba, akakaa chini ku ule ule kiti alikuwa anapima moto, dada yake pembeni na mutoto ku magoti. Nilifikiri atasema neno ya kuomba musamaha. Aliangalia mulango kama kuko masikio inje, halafu akasema pole pole:

"Usipaze sauti. Kapita akisikia ni banjiwa yangu, tumekwisha. Kazi, nyumba, yote."

"Najua."

"Bantu ya kambi baliona sanduku iko tupu. Batauliza banjiwa ilienda wapi. Mama wa mutoto, sema tu. Sema kulikuwa muntu. Bakisikia ni mambo ya bibi, batashiba ile, hakuna mwenye ataangalia mu kanisa. Miye najua hapakuwa muntu. Dada pia amejua sasa. Tutachinja kuku, hutapanda kamyo, tutakaa wote mu nyumba yetu."

Dada yake aliangalia kuku. Hakukataa.

Nilitoka, nikapindua kinu, nikaikalisha vile inakaaka. Nilipanguza mukono yangu ku kibambazi yetu nyeupe, vidole vyote tano, chef akuye aone. Nikarudia ndani mbele ya dada ya bwana yangu, nikamutoa mutoto yangu ku magoti yake, nikamufunga mu mugongo. Kisha nikawaambia bote babili, na sikupiga magoti:

"Sikufanya, sitasema nilifanya."